Picha Imchukue Mkulima

"Shamba la nani hili?" mwandikishaji wa ardhi aliuliza.

"La kwetu," alijibu msichana mwenye jembe.

"Kwetu si jina la mtu. Taja jina lako."

Akataja lake, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alikuwa kitandani na ugonjwa wa mgongo ambao haukuja kumwachia. Mdogo wake wa kiume alikuwa shule, na kitinda mimba alikuwa amelala kwenye kivuli cha ukuta, amefunikwa nguo ya mama. Mwandikishaji alikuwa na haraka zake, alikuwa na kijiji kingine cha kumaliza kabla jua halijamkalia kichwani. Hivyo ndivyo shamba lote, kuanzia barabara ya changarawe hadi kwenye kijito, lilivyoandikwa kwa jina la msichana aliyekuwa ndiyo kwanza ametimiza umri wa kupiga kura.

Usidhani alijiona tajiri. Hati ilipotoka iliingia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha mama, na kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na haja ya kuisumbua. Shamba likaendelea kuwa la kwetu. Ila kazi ndiyo iliyokuwa yake.

Mama hakuinuka tena. Msichana akawa yeye ndiye baba, yeye ndiye mama, na juu ya hapo yeye ndiye trekta la nyumba. Alilima, akapanda, akapalilia, akavuna, akapukuchua mpaka vidole gumba vikaota sugu za njano. Posa zilikuja, maana alikuwa na sura yake na hakuwa na mdomo mchafu. Kila mposaji aliambiwa asubiri mavuno. Mavuno yalipokuja yalikwenda kwenye ada ya mdogo wake, yaliyofuata yakaenda kwenye dawa za mama, na yaliyofuata tena yakaliwa na viwavi. Wa mwisho kuposa alikuwa mshonaji, mtu wa maana, mwenye vyerehani viwili na subira ya ajabu. Naye alichoka. Alioa kijiji cha jirani, na siku ya harusi yake msichana wetu alikuwa shambani, akapalilia mpaka hakuona tena tofauti ya mhindi na gugu, akarudi nyumbani akapika. Watoto wa ndugu zake walipoanza kuzaliwa walimwita Shangazi, na kijiji kizima kikalidaka jina hilo, hata wazee waliomzidi umri. Na sisi tutamwita hivyohivyo.

Mdogo wake wa kwanza alikuwa mzito darasani lakini mikono yake ilikuwa na akili. Shangazi aliuza magunia akamnunulia mwiko, pima maji na kamba ya kunyooshea ukuta, akawa fundi ujenzi, na watu wakamwita Fundi. Kitinda mimba yeye alikuwa na kichwa chepesi na ulimi mwepesi zaidi. Alisoma kwa mahindi ya dada yake mpaka akapata kazi ya kuuza simu mjini, akajenga huko, akawa anarudi nyumbani sikukuu na kulalamikia vumbi. Walimwita Kitinda hata alipoota kitambi.

Kama kulikuwa na kitu Shangazi alikionea fahari hapa duniani, basi ni kuwa mkulima. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto wa kumzaa, nyumba yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya nyumba ya Fundi. Lakini alikuwa mkulima, na kwenye hilo hakutaka mchezo. Siku moja aliumwa jino, akaenda zahanati, karani akamuuliza kazi yake na bila kusubiri jibu akatamka huku akiandika: mama wa nyumbani.

"Nyumba gani?" Shangazi aliuliza, shavu limevimba. "Kata hapo. Andika mkulima."

Karani akakata, akaandika mkulima, na ndipo jino likang'olewa.

Na alikuwa mkulima kweli, si wa maneno. Siku ya kupanda alikuwa na kamba yake ndefu yenye vitambaa vilivyofungwa kwa nafasi sawa, kila kitambaa shimo moja. Yeye alishika kichwa cha kamba upande wa barabara, mke wa Fundi akashika mkia, na watoto wakafuata na mbegu. Ukipotosha shimo, alikuita jina lako lote mpaka la babu. Lakini mahindi yake yalisimama kwenye mistari hata wapita njia wakapunguza mwendo, na jioni ya siku hiyo alikuwa na utani wa kutosha kijiji kizima.

Ruzuku ilipoanza kutolewa, ilimkuta tayari. Serikali ilisema mkulima aliyeandikishwa atapata ujumbe kwenye simu, ataenda nao duka la pembejeo, atachukua mbegu na mbolea kwa bei ya kutupa, na kidogo kitaingia kwenye simu yake cha kulipia trekta au vibarua. Simu ya Shangazi ilikuwa na kioo kilichopasuka, imefungwa na raba, lakini ujumbe ulipita humohumo kwenye nyufa. Mbolea aliiweka chumbani kwake, miguuni pa kitanda, akalala na harufu yake kali, na wala hakuiona harufu mbaya. Kilichoingia kwenye simu alimpa mke wa Fundi cha mafuta na chumvi, kingine akamtumia Kitinda ambaye mjini kila mwezi ulimkuta amekabwa. Hakuna aliyemwomba hesabu, naye hakumwomba mtu.

Halafu utaratibu ukabadilika. Msimu mmoja mvua ilikuwa imeshaanza kunukia, majirani wameshapata ujumbe, simu ya Shangazi kimya. Akaizima akaiwasha. Akampa mtoto wa Fundi aitazame. Akapanda nayo kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba ambako mtandao ulikuwa na nguvu, akaiinua juu, watu wakamcheka, naye akacheka. Kesho yake alivaa gauni la kanisani, akatoa hati sandukuni, akamchukua Fundi, akampigia Kitinda simu awakute huko, wakaenda ofisi ya kilimo ya wilaya.

Ofisi ilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi ya kijani mpaka mabegani pa mtu, na kutoka hapo kwenda juu nyeupe iliyochoka. Benchi lilikuwa limejaa, wakasimama. Juu ya kabati kulikuwa na chupa za vioo zenye mbegu za maonyesho, na ndani ya chupa ya mahindi wadudu walikuwa wametoboa punje zote. Shangazi aliona, akanyamaza. Ukienda ofisi ya watu kuomba, kuna mambo unajifanya huyaoni.

Bwana shamba alimfahamu vizuri. Ndiye aliyekuwa akileta wageni kwenye shamba lake kila alipotaka kuonyesha kuwa wilaya inafanya kazi. Alikuwa mtu mwema, na hilo ndilo linaloudhi katika habari hii yote, kwamba humo ndani huwezi kumkamata mtu mmoja ukasema huyu hapa ndiye mbaya.

"Shangazi, mfumo mpya umekukataa," alisema, akimgeuzia kompyuta kana kwamba Shangazi angeweza kusoma.

"Umenikataa mimi? Nimeukosea nini?"

"Shamba lako limezidi kipimo. Kwa mfumo, wewe sasa ni mkulima mkubwa. Wakulima wakubwa wanajitegemea."

Shangazi alicheka mpaka watu wa korido wakachungulia. "Mkubwa mimi? Mwanangu, mkulima mkubwa jembe lake mpini wa kuazima?"

"Najua. Lakini mfumo hauangalii mpini. Suluhisho lipo, watu wote wanafanya. Gawaneni. Fundi achukue nusu, Kitinda achukue nusu, kila mtu hati yake, kila mtu simu yake. Mtapata ruzuku mara mbili badala ya moja."

"Si tugawane mara tatu? Na mimi nipo."

Bwana shamba akakuna shingo. "Mfumo unataka kaya, Shangazi. Kaya ni mkuu wa kaya na watu wake. Mtu mmoja anayekula kwenye sufuria ya ndugu yake si kaya. Wewe tunakuingiza kwa Fundi, kama mtegemezi."

"Mtegemezi."

"Ni neno tu. Na ili lipite inabidi tuweke sababu, mtegemezi lazima awe mtoto au mtu asiyejiweza. Tutaweka asiyejiweza."

Kitinda alicheka wa kwanza. "Dada asiyejiweza! Anaweza kumbeba Fundi na ngazi yake." Fundi naye akacheka, na Shangazi akacheka nao, kwa sababu kweli lilikuwa jambo la kuchekesha. Alikuwa ametembea kutoka kijijini bila kupumzika.

"Ni kwenye karatasi tu, Dada," Fundi alimwambia kwa upole. "Shamba ni lile lile. Nani atakuja kukugusa?"

Hapo ndipo ningependa mtu mmoja, mmoja tu, angepiga meza. Karani, mfagizi, yeyote. Hakuna aliyepiga. Mvua ilikuwa inanukia na mbolea ilikuwa dukani, na mkulima ukimwonyesha mawingu halafu ukamwonyesha kalamu, atachukua kalamu.

"Haya," Shangazi alisema. "Mimi nalima udongo. Karatasi limeni nyinyi."

Wote wakacheka tena. Akapaka kidole gumba wino, akakandamiza penye sugu, bwana shamba akamwambia arudie kwa sababu alama haikutokea vizuri. Akarudia. Hati ya zamani ikabaki ofisini, ikapigwa muhuri wa kufutwa.

Msimu huo hakuna kilichobadilika, na mtu angeweza kuapa kwamba Fundi alisema kweli. Ujumbe uliingia kwenye simu mbili, mbolea ikaja mara mbili, Fundi akaibeba mwenyewe mpaka chumbani kwa dada yake. Mahindi yalitoka vizuri. Shangazi alikwenda kila jioni kuyaangalia, amefunga mikono nyuma, akiyasemesha.

Msimu uliofuata mbolea ilishuka kwenye nyumba ya Fundi. Sababu ilikuwepo, sababu huwa haikosekani. Mke wa Fundi alisema chumba cha Shangazi kinavuja, mbolea itaganda. Kweli kilikuwa kinavuja, na tangu zamani kilivuja bila kugandisha kitu. Basi Shangazi akawa anakwenda mlangoni asubuhi na kopo.

"Wifi, nipimie."

"Unataka ya wapi leo, Wifi?"

"Upande wa barabara."

Mke wa Fundi akapima, akasawazisha juu ya kopo kwa kiganja. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa tu ameanza kupima, na mtu akishaanza kupima hawezi tena kumwaga. Shangazi alipokea kopo, akatembea nalo, na njiani akajikuta analifunika kwa mkono mwingine lisimwagike hata punje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Ilimuuma. Akajiambia asijifanye mtoto.

Upande wa kijito ulikuwa nusu ya Kitinda. Mvua zilipokaribia tena Shangazi aliteremka huko na kamba yake ya vitambaa, akakuta vijana asiowajua wanachimba mfereji, na mashine ya kusukuma maji imekaa juu ya tofali. Matuta ya nyanya yalikuwa yameshapigwa kukata mistari yake ya zamani.

"Nani kawaambia mlime hapa?"

"Bosi kakodi, mama," kijana mmoja alijibu bila ubaya. "Miaka mitano. Una shida gani?"

Alirudi mpaka kwenye kichuguu akapiga simu. Kitinda alipokea kwa sauti ya dukani, ile ya kuuzia watu.

"Dada, nilitaka kukwambia. Mambo yamenibana huku. Yule jamaa ana hela mkononi."

"Ungeniambia, Kitinda. Nilishika kamba mkononi nimeshuka kupanda. Nimeonekana mjinga mbele ya watoto."

"Samahani, Dada. Lakini ile nusu si yangu? Kwa karatasi ni yangu."

"Ulisema karatasi tu."

Alisikia mtu huko mjini anauliza bei ya chaja.

"Sikusema mimi," Kitinda alisema. "Alisema Fundi."

Na kweli, alisema Fundi. Shangazi alikaa juu ya kichuguu, kamba mapajani, akajaribu kumkasirikia mtoto aliyemfunika nguo ya mama kivulini, akashindwa. Hasira ingemsaidia. Akaikunja kamba yake kitambaa kwa kitambaa, akashuka nayo nyumbani.

Alirudi ofisi ya kilimo, safari hii peke yake. Alitaka kuuliza kama inawezekana kurudisha mambo yalivyokuwa. Bwana shamba alimpa kiti chake mwenyewe, akasimama yeye.

"Ningeweza ningefanya, Shangazi. Lakini wewe ulitoa kwa hiari, na dole gumba uliweka mara mbili. Arudishe Kitinda mwenyewe."

"Na malalamiko? Naweza kuandikisha malalamiko ya mkulima?"

Bwana shamba alitazama kompyuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hapa ndani hupo kama mkulima," alisema polepole. "Upo kama asiyejiweza. Fundi ndiye anaweza kulalamika kwa niaba yako."

Shangazi akashukuru. Alitoka akapita kwenye korido ya kijani, watu wakampisha njia kwa heshima ya umri wake. Barabarani alisimama kwenye mti wa umeme, akalia kidogo, akajifuta na mkono wa gauni. Hakumwambia mtu. Fundi angelalamika nini, na dhidi ya nani? Iliyobaki ilikuwa nusu ile ya upande wa barabara, iliyoandikwa kwa Fundi na kulimwa na dada yake, na Shangazi aliona heri ashike hiyo kwa mikono miwili na kufunga mdomo.

Akaishika. Alikuwa sasa mtu mzima, magoti yanalia akiinuka, lakini hakuacha mstari hata mmoja upinde. Fundi alikuwa kwenye saiti kutwa, akirudi usiku ananuka saruji, na kama ungemuuliza kina cha shimo la mbegu angekuonyesha kina cha msingi wa nyumba. Ruzuku iliendelea kuingia kwenye simu yake. Sehemu ilikuwa mbolea. Sehemu ilikuwa mabati mapya, sare za shule, deni la mbao. Shangazi aliona mabati, akasema yamependeza.

Sasa, huko juu serikali ikagundua kitu ambacho kila mtu alikijua. Kulikuwa na wakulima hewa. Watu wa mjini wasiojua jembe walikuwa wanapokea ruzuku za mashamba wasiyoyakanyaga. Likatoka agizo kwamba wakaguzi wapite shamba kwa shamba, mkulima aliyeandikwa akutwe shambani, apigwe picha akiwa na zana yake ndani ya mazao yake. Asiyekutwa anafutwa, na alichokula anarudisha. Agizo zuri kabisa, na kama Shangazi angeulizwa maoni angelipigia makofi.

Mkaguzi alifika mchana. Alikuwa dada mdogo, nadhifu, na kompyuta ya mkononi ndani ya mfuko wa plastiki. Mke wa Fundi alimwona kutoka uani, akampa maji ya kunywa, akamketisha kwenye kiti cha mgeni, akampigia mumewe simu kutoka jikoni. Fundi alikuja mbio kutoka saiti, saruji imekauka kwenye suruali na kwenye nyusi. Alikata njia ya nyuma, akamkuta Shangazi katikati ya mahindi anapalilia.

"Dada, nipe jembe."

"Kuna nini?"

"Mkaguzi. Akinikuta sina jembe nimekwisha. Nitarudisha hela yote, Dada, na sina hata ya kuanzia. Watauza mabati. Nipe jembe."

Shangazi alilitazama jembe lake. Lilikuwa na udongo mbichi. Kabla ya kumpa alilifuta kwa majani, bapa na shingo, kama alivyomfuta mikono akiwa mdogo kabla hajala. Fundi akalipokea akalishika juu sana, kwa namna ya mtu anayeshika koleo.

"Shusha mkono wa kushoto," Shangazi alimnong'oneza. "Hapo. Pinda mgongo kidogo."

Mkaguzi alikuwa ameshafika mwisho wa mstari. Aliamkia kwa adabu. Alisema kwamba ametembea mashamba mengi wiki ile lakini hajaona mistari ya namna hii, na Fundi akasema ahsante. Akamuuliza Fundi alipanda lini. Fundi akamtazama dada yake.

"Mvua ya pili," Shangazi alisema, macho chini.

"Mvua ya pili," Fundi alisema.

Mkaguzi akaandika, akarudi nyuma hatua kadhaa na kuinua kompyuta yake usawa wa uso. "Mama, samahani, sogea kidogo. Picha imchukue mkulima."

Shangazi akasogea. Alisogea mstari mmoja, mkaguzi akaonyesha kwa mkono, bado kidogo, akasogea mwingine, majani ya mahindi yakamfunika mpaka kifuani. Kutoka huko alimwona mdogo wake anatabasamu katikati ya shamba, jua usoni, jembe mkononi, na mashine ikalia mara mbili.

"Vizuri. Sasa, hapa pameandikwa una mtegemezi asiyejiweza. Dada yako?"

"Ndiyo. Yuko ndani. Ameamka vibaya leo."

"Mpe pole sana. Na huyu mama?"

Upepo ulipita kwenye mahindi, yakapiga kelele yake ya karatasi. Shangazi aliuona uso wa mdogo wake. Aliuona unavyotafuta, unavyokosa, jasho linavyochimba njia kwenye vumbi la saruji. Alikuwa amewahi kuuona hivyo zamani, mwalimu alipokuja nyumbani kushtaki, na siku ile pia aliyejibu alikuwa yeye.

"Mimi kibarua, mwanangu," Shangazi alisema.

Neno lilitoka jepesi. Alikuwa amedhani litamkaba. Lilipokwisha kutoka alihisi kitu ndani yake kimelegea, na akajua kwamba hakitakaza tena, kwamba mtu anaweza kulipigania neno mkulima maisha yake yote, hata mbele ya karani wa zahanati, halafu akalitoa mwenyewe, mchana kweupe, bila kulazimishwa.

Mkaguzi alimsogelea. Alikuwa na huruma, na alikuwa amefundishwa kuuliza. "Unalipwa vizuri, mama? Usiogope. Tumepata malalamiko mengi ya akina mama wazee wanaolimishwa bure."

"Nalipwa."

"Leo umelipwa?"

Shangazi akamtazama Fundi, na Fundi akaingiza mkono mfukoni haraka, akatoa noti iliyokunjwa, ya posho yake ya saiti, akaileta. "Nilikuwa ndiyo nampa," alisema.

Akampa. Mkaguzi aliwatazama wote wawili, akaridhika, akaandika kwamba vibarua wanalipwa. Akaaga. Walisikia pikipiki yake inawaka barabarani, inapanda mlima, inapotea. Mke wa Fundi alipiga vigelegele vidogo kutoka uani. Ruzuku ilikuwa imepona.

Fundi alishusha pumzi ndefu, akalilaza jembe juu ya tuta. Alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeponea chupuchupu. "Dada, wewe! Kibarua! Nisingefikiria."

Shangazi naye alijaribu kucheka. Igizo lilikuwa limekwisha, na ingebaki habari ya kusimuliana jioni, Fundi akiigiza alivyoshika jembe juu. Akanyoosha mkono wenye noti.

"Shika hela yako."

Fundi aliinua mkono kuipokea. Kisha akautazama mstari aliokuwa dada yake akiupalilia, magugu yamelala pembeni na udongo umekaa vizuri kwenye shina la kila mhindi, akatazama na mstari uliofuata ambao bado. Mkono wake ukarudi chini.

"Kaa nayo tu, Dada," alisema. "Umefanya kazi."

Alisema kwa upendo. Tena alifurahi kusema, ilionekana usoni, kama mtu aliyekumbuka deni la zamani na kupata njia ya kulilipa. Akakung'uta saruji kwenye suruali, akatazama jua, akakumbuka kwamba mchanganyiko wake kule saiti utaganda.

"Ukimaliza mpaka pale kwenye mpaka wa Kitinda niambie," alisema akiwa ameshaanza kwenda. "Nitakupa nyingine."

"Ahsante," Shangazi alisema, kwa sababu ndivyo mtu anavyosema akilipwa.